Mkwe Alivyotutembeza Luzern

Watu wa Masoko, kijijini kwetu Rungwe, wanasema mume wangu alikwenda Ulaya akakimbizwa na mwanamke. Wanasema hivyo sokoni, wanasema wakitoka kanisani, na juzi nimeambiwa habari imeshafika mpaka kijiji cha Lupepo. Sasa nisikilizeni mimi Esnath, niliyekuwapo. Hakukimbizwa. Alikimbia mwenyewe, na sababu ninayo.

Mtoto wetu Gwakisa anaishi Luzern, mji wa Uswisi ulio kando ya ziwa. Anafanya kazi ya kutunza wazee. Ndiyo, wazee wa huko wanatunzwa na mtoto wangu, na wazazi wa mtoto huyo wapo Masoko wanajitunza wenyewe. Hilo tuliache. Miaka sita hakukanyaga nyumbani. Humo katikati akaoa, kwa makaratasi ya serikali tu, binti wa huko huko anaitwa Regula, akatutumia picha. Nikamwambia kwenye simu, mimi picha sili, mlete mtu. Akasema atamleta Krismasi tuwabariki kanisani, ila Regula anataka kwanza atuone, ajue kama tunamtaka kweli. Akiona hatakiwi haji, na yeye asipokuja Gwakisa naye haji. Ndiyo maana mwezi wa tisa tukapandishwa ndege. Wengine wanakwenda Ulaya kutazama theluji. Mimi nilikwenda na jambo moja tu moyoni, yule binti aridhike na sisi, mwanangu aje nyumbani Krismasi.

Mume wangu, Ambilikile, ni mzee wa kanisa, na ni Mnyakyusa wa zamani hasa. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Hawasalimiani, hawali pamoja, hawapishani njiani. Mkwe akimwona baba mkwe anakuja, anachepuka kwenye migomba mpaka mzee apite. Si chuki, jamani. Ni heshima, na heshima ikiwa kubwa ndivyo umbali unavyokuwa mkubwa. Siku hizi wengi wameacha, utakuta mtu na mkwewe wamekaa kochi moja wanatazama mpira. Mume wangu hajaacha. Mke wa mtoto wetu mkubwa, Beatrice, ana miaka kumi na mmoja pale kwetu, na sidhani kama mzee anaijua sura yake vizuri.

Mtu wa namna hiyo sasa mweke ndani ya nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne. Mkwe anayejua wajibu wake hujificha. Regula hakujua kwamba ana wajibu. Uwanja wa ndege alitujia amefungua mikono yote miwili, mzee akaingia nyuma ya toroli la mizigo, akawa analizunguka. Nyumbani akajifungia chumbani. Akitaka kwenda chooni anakohoa kwanza, kama wanavyofanya wanaume wa kwetu, ili mkwe apate nafasi ya kuondoka. Regula akisikia kikohozi haondoki. Anakuja na dawa. Siku ya pili alikuja na asali na majani ya kuchemsha, siku ya tatu akaja na kipimajoto. Maskini mume wangu, anakohoa ili amwondoe, na kila akikohoa ndiyo anamwita.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia yule binti ukweli. Kiswahili anakijua, amejifunza kwa Gwakisa na kwa kitabu, anakisema polepole lakini unamwelewa. Tatizo lilikuwa Gwakisa. Alishamwambia mkewe kwamba babake ni mtu wa kisasa, alikuwa mwenyekiti wa kijiji, hana mambo ya kishamba. Akanibana jikoni, akaniambia nisimtie aibu, nimwambie Baba aache hayo, huku ni Ulaya. Nami nikaona aibu. Nikajiuliza binti wa watu atatuonaje. Basi Regula aliponiuliza Baba ana nini, nikasema ana mafua. Gwakisa alinibana, sikatai, lakini uongo ulitoka kinywani mwangu mimi. Siku ya nne nikaongeza kwamba mafua yamepanda kichwani.

Siku ya tano Gwakisa akasema ametuandikisha kwenye matembezi ya nusu siku. Ni kazi za watu huko, mnakusanyika wageni, anatokea mtu wa kuwaongoza, anawazungusha mjini kwa miguu kwa muda wa saa nne, anawaeleza hili na lile. Yeye Gwakisa anakwenda kazini, na mkewe, alisema, katoka asubuhi. Mzee akafurahi jinsi gani! Siku nne ndani ya chumba si mchezo. Akavaa koti la kanisani, akachukua mwavuli wake mweusi, maana mtu wa Rungwe, alivyozoea mvua, hata jua likiwaka hamwamini Mungu kiasi cha kuacha mwavuli.

Gwakisa akatufikisha mbele ya kituo cha treni, akaondoka mbio. Pale tukakuta wageni kumi na mmoja, Wazungu na Wahindi, wamesimama wanamtazama mwanamke aliyetupa mgongo, koti jekundu, mwavuli mwekundu ameuinua juu ili watu wake wamwone. Akageuka. Regula.

Kumbe ndiyo kazi yake, na alitaka kutushtua kwa furaha. Akaongea Kiingereza na wale wageni, halafu akaongeza, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwamba leo amekuja na watu maalumu, baba yake na mama yake. Wageni wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Mume wangu akafungua mwavuli wake, akaushusha mpaka mabegani. Mvua hakuna hata tone.

"Mama Gwakisa," akasema humo ndani ya mwavuli, "umeniuza."

Nikamwambia sikujua, atembee tu, watu wanatutazama. Akatembea. Mwongozaji anataka umtazame yeye, ndiyo maana ya ule mwavuli mwekundu. Mume wangu akachagua mgongo wa Mhindi mmoja mnene mwenye shati la maua, akawa anaufuata huo. Mhindi akisimama naye anasimama. Mhindi akipiga picha naye anangoja.

Tukafika ziwani. Ziwa lao ni zuri, siwezi kusema uongo wa pili. Maji meupe, bata wakubwa weupe wenye shingo ndefu wanakuja kuomba mkate, na mlima umesimama ng'ambo. Regula akatuambia kwa Kiswahili kwamba mlima unaitwa Pilatus, na kwamba watu wa zamani walikuwa wanaamini maiti ya Pontio Pilato ilitupwa huko juu kwenye kidimbwi. Hapo nikaona mwavuli mweusi unatikisika. Mzee wa kanisa miaka ishirini na tatu, unamtajia Pilato halafu anyamaze? Akageukia ziwa, akanipa swali mimi, kwa sauti kama yuko mimbarini: nimuulize mtu huyo, Pilato alifikaje huku, na imeandikwa wapi.

Regula alikuwa hatua tatu kutoka pale. Amesikia kila neno. Akafurahi, akasogea, akaanza kumjibu mwenyewe, anainama kidogo atafute uso chini ya mwavuli. Mzee akageukia upande wa pili. Regula akazunguka. Mzee akageuka tena. Alipomaliza kueleza, mume wangu akaliambia ziwa kwamba mimi nimwambie asante. Uso wa yule binti ukashuka. Nami nikageukia bata nikajifanya nawahesabu.

Baadaye tukaingia kwenye daraja lao la mbao. Ni la zamani sana, refu, lina paa juu kama nyumba, na huko darini wametundika picha zilizochorwa. Ni jembamba. Regula akasimama katikati kabisa aeleze zile picha, na wageni wote inabidi wampitie ubavuni. Mume wangu akaona hana pa kuchepukia, kushoto maji, kulia maji, mbele mkwe. Akarudi alikotoka. Aliponipita akasema atazunguka kwa daraja lingine atukute ng'ambo.

Nilimwacha. Nilidhani mtu aliyezaliwa Masoko, anayeshuka kwenye kreta ya ziwa letu na kupanda gizani, hawezi kupotea kwenye mji wenye vibao kila kona.

Ambilikile, alivyonisimulia baadaye, kutoka pale darajani akainua mwavuli wake juu, wazi, ili mimi nimwone kutoka ng'ambo. Na muda huo huo basi kubwa lilikuwa limeshusha wazee kutoka Asia, Korea nadhani, na inaonekana nao waliambiwa wamfuate mtu mwenye mwavuli mweusi. Wakamfuata. Yeye akageuka akakuta watu ishirini nyuma yake, wazee wenzake, wanamwinamia. Mnyakyusa hawezi kuwafukuza watu waliokuja kwa heshima. Akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akaendelea kutembea, nao wakaendelea.

Ng'ambo tulimngoja, hakuja. Regula akahesabu watu wake, mmoja hayupo. Akahesabu tena. Kazi yao hiyo ukipoteza mgeni ni kosa kubwa, na mgeni mwenyewe ni baba mkwe, mzee, hajui lugha, na ana mafua yaliyopanda kichwani kwa kauli yangu. Alibadilika rangi. Tukaanza kumtafuta, huku matembezi yanaendelea, maana wale wengine walikuja kuona mji, hawakuja kumtafuta mume wangu. Tukapanda kwenye ukuta wa zamani wenye minara. Mnara mmoja una saa ambayo ina haki ya kulia dakika moja kabla ya saa zote za mji. Regula alieleza hayo macho yako barabarani. Yule Mhindi wa shati la maua naye akawa anachungulia chini ya meza za migahawa. Sijui alidhani mume wangu ana ukubwa gani.

Tulimkuta ziwani. Amesimama juu ya ngazi, koti limefungwa vifungo vyote, wale wazee wamemzunguka, na anawahutubia. Anaunyoosha mwavuli kwenye mlima, anausogeza kwenye maji, anaeleza. Kiswahili kikimwishia anaingia Kinyakyusa. Anawaambia nyumbani kwetu pia tuna ziwa, na wazee wetu wanasimulia kwamba Wajerumani walipokimbia walizamisha mali zao humo, na kwamba sisi hatuna haja ya kumleta Pilato ili ziwa letu lipate sifa. Wale wazee wanaitikia kwa vichwa. Wanapiga picha. Bibi mmoja amemshika mkono kabisa, mume wangu anacheka, halafu anainama anawaongelesha wale bata.

Regula akasimama. Mwavuli mwekundu ukashuka polepole mpaka ncha ikagusa chini. Nilidhani atapiga kelele, hakupiga. Alinigeukia mimi.

"Mama, Baba si mgonjwa."

Mimi nikatazama bata tena.

"Anaongea na watu asiowajua," akasema. "Anaongea na ndege. Mimi nimekaa naye nyumba moja siku tano, hajanitazama hata mara moja. Kama hanitaki, niambieni tu. Sitakuja Krismasi. Na Gwakisa sitampeleka mahali ambapo atalazimika kuchagua."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana wageni wake walikuwa nyuma na hakutaka waone mkono ukipanda usoni. Jamani, niliogopa. Niliona Krismasi yangu inaondoka, namwona Gwakisa anazeekea huku kwenye wazee wa watu, na mwenye kosa ni mimi. Aibu niliyokuwa nailinda siku tano niliiona haina thamani hata ya ganda la ndizi.

"Mwanangu," nikamwambia, "angekuwa hakutaki, angekusalimia."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa maji yanapanda mlima. Basi nikaanza mwanzo. Nikamweleza mila yote, nikamweleza kikohozi, nikaomba radhi kwa mafua. Nikamwambia kwamba tangu uwanja wa ndege mzee amemhesabu kuwa mke halali wa mwanawe, amebarikiwa au hajabarikiwa, na ndiyo maana anamkimbia. Mwanamke wa kupita tu asingemsumbua, angemshika mkono akampa na habari za Masoko.

 Regula akauliza habari za Beatrice, aliyemwona kwenye picha. Kama naye hamtazami. Nikasema miaka kumi na mmoja.

"Na anampenda?"

Nikamwambia Beatrice alipolazwa hospitali, uzazi umekwenda vibaya, mzee alimuuza ng'ombe wake wa maziwa, yule aliyekuwa anaongea naye kila asubuhi. Hakuingia wodini. Alikaa nje ukutani, chini ya dirisha la wodi, siku tatu, na mvua za Tukuyu mnazijua. Mpaka leo hajamuuliza Beatrice kama alipona. Hunituma mimi.

 Regula akauliza kama Gwakisa alijua haya yote. Nikasema alijua. Akasema sawa, kwa sauti ambayo nilimwonea huruma mwanangu. Kisha akaniuliza yeye afanye nini sasa hivi, maana anatakiwa kuwarudisha watu saa saba.

"Wewe ndiye wa kujificha," nikamwambia. "Yule ni mzee, amechoka kukimbia."

Palikuwa na kibanda cha kuuza aiskrimu. Regula akainama, akaingia nyuma yake. Na kwa kuwa wageni wake kumi na mmoja walilipia kumfuata mwavuli mwekundu, nao wakaingia nyuma ya kibanda, na Mhindi akiwa wa mwisho, tumbo limebaki nje. Mzee kule juu ya ngazi akaona njia nyeupe. Akawaaga wale wenzake mmoja mmoja, akashuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akafunga mwavuli.

Muda uliobaki ulikwenda vizuri. Regula akatangulia mbali, hageuki nyuma, anaeleza mji akiwa ametupa mgongo. Mume wangu akasema huyu mwongozaji wa sasa ana adabu kuliko yule wa asubuhi.

Nyumbani kwa Gwakisa nilimweleza kwamba mkwe wake alilia kwa ajili yake.   Tulipofika Masoko akaanza kwenda kila Jumamosi kwa mwalimu Fulgence, kijana wa Bukoba aliyepangiwa shule yetu, mwenye simu ya kutafsiri lugha. Akaenda kwa mchungaji pia. Akaniambia amefikiri, huyu mkwe katoka mahali ambapo mtu asiposemeshwa anaona amefukuzwa, kwa hiyo kwa huyu mmoja ataiacha mila, atampokea kwa mkono wake na kumwambia neno kwa lugha yake. Neno lenyewe hakutaka kuniambia. Miezi mitatu nilikuwa nasikia Kijerumani kwenye shamba la kahawa. Alikuwa anakisema anapalilia, anakisema anakata majani ya ng'ombe, na akikosea anarudia mwanzo.

Upande wa pili Beatrice alikuwa anaongea na Regula kwa simu za picha. Nilidhani wanapeana mapishi.

Siku tatu kabla ya Krismasi gari likaingia uani. Gwakisa! Nililia kabla mlango haujafunguliwa. Majirani wamejaa, kina mama wa kwaya wamejaa, na mume wangu amesimama mbele ya wote, koti la kanisani, mkono ameunyoosha tayari, midomo inacheza anajikumbusha. Regula akamwona kupitia kioo. Akafungua mlango wa upande wa pili, akashuka ameinama, kichwa amekifunika kwa kitenge, akakata mbio mpaka kwenye migomba. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Vigelegele vilivyopigwa pale, hata kijiji cha Ikuti walivisikia. Kina mama walisema hawajaona mkwe aliyefundwa namna ile kwa miaka mingi, na wengine wakawageukia wake za watoto wao. Mume wangu akabaki na mkono wake hewani, mpaka Gwakisa akaja akaushika.

Wiki tatu alijaribu. Akisimama mlangoni, Regula katokea dirishani. Akipita kisimani, ndoo ipo, mtu hayupo. Kanisani siku ya kubarikiwa, Regula alipanga na mchungaji kwamba mzee akae nyuma ya nguzo. Nilimwambia mume wangu basi, mwache mtoto, kaipenda mila yako kuliko wewe. Akakasirika. Akasema sasa anajua alichomfanyia yule binti siku zile tano, na hakuna anayemruhusu aseme.

Asubuhi ya kuondoka, mimi na Regula tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za njiani. Nikaona kivuli kinasimama nje, kwenye ukuta. Regula akakiona pia, akashika kisu akitafuta pa kutokea, na mlango ni mmoja. Mzee akaanza kusema. Kijerumani kile kile cha kwenye kahawa, neno moja moja, bila kurudia. Mimi sikuelewa, baadaye ndiyo Fulgence aliniambia. Ilikuwa: mwanangu, nilikuumiza, nisamehe, nyumba hii ni yako.

Regula akaweka kisu chini. 

"Nimesikia, Baba," akajibu kwa Kiswahili. "Usipite huku, nipo."

Nikasogea mlangoni, nikawaona wote wawili, kila mmoja anafuta macho upande wake wa ukuta. Kisha mume wangu akazungukia nyuma ya banda la ng'ombe, kama alivyoambiwa.